Video Kubwa Ziachwe Zilipo

Mhariri wa jarida letu amewaomba wanachama waandike juu ya jambo walilolifanya wenyewe, si zile insha za "siku nitakayoikumbuka maishani" ambazo kila mwaka hujaa ajali za barabarani ambazo mwandishi hakuziona. Mimi basi nitaandika juu ya tarakilishi ya kwetu nyumbani, na juu ya video kubwa kubwa zilizokuwa zimehukumiwa kufutwa bila kosa lolote.

Kabla sijafika mbali, kuna suala la jina. Mnakumbuka jinsi chama chetu kilivyobishana kipindi kizima kama mashine hii iitwe ngamizi, tarakilishi au kompyuta. Watanzania walishamaliza, wao husema kompyuta na maisha yanaendelea. Vitabu vyetu husema tarakilishi. Nyumbani kwetu ukisema tarakilishi mjomba atakuuliza kama umekula. Kwa hivyo nitachanganya, na mwalimu mlezi wa chama aniwie radhi.

Ndani ya tarakilishi za kizamani kama yetu mna diski kuu. Ukiifungua (usiifungue, utaiua) utaona sahani zinazong'aa kama kioo, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea na kuandikia. Sahani za diski yetu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Uvumbuzi huu si wa jana. IBM ilitoa diski ya namna hii mwaka wa 1956, ikiwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Siku hizi nafasi hiyo haitoshi wimbo mmoja mrefu.

Sahani imegawanywa vyumba vidogo vidogo. Katika Windows, chumba kimoja kwa kawaida ni cha kilobaiti 4. Faili ikiingia kwenye diski tupu hukaa vyumba vinavyofuatana, raha mustarehe. Lakini wewe hufuta hiki, ukaongeza kile, na mashimo yanabaki hapa na pale. Faili mpya ikija na shimo la kwanza likawa dogo, sehemu yake huwekwa hapo na nyingine hutafutiwa pengine. Hapo ndipo faili moja inakuwa na vipande kumi, hamsini, hata mia.

Nikupe mfano wa matatu, manake sisi wa shule ya kutwa matatu ndiyo maktaba yetu. Familia ya watu watano imeingia kwenye basi lililojaa nusu. Baba amekaa mbele, mama nyuma, watoto wametawanyika. Makanga akitaka nauli ya familia hiyo itambidi aruke huku na huku, huyu anamwonyesha yule, na gari linayumba. Kichwa cha diski ni makanga huyo. Kuruka kutoka mahali hadi mahali na kungoja sahani izunguke mpaka chumba kinachotakiwa kifike chini yake huchukua kama milisekunde 15. Kwako ni kitu kidogo, lakini kwa tarakilishi ni kama kungojea matokeo ya KCSE.

Dawa yake ni kuvikusanya vipande na kuviweka pamoja tena. Kazi hii huitwa difragimentesheni. Mjomba huiita "difragi", nami nitaiita upangaji wa vipande, na mwenye neno bora alilete kwenye kikao cha chama. Ni kazi ya tangu zamani. MS-DOS 6 ya mwaka wa 1993 ilikuja na programu yake tayari, yenye miraba midogo kwenye kiwambo inayohama mmoja mmoja. Mjomba anasema enzi hizo watu walikuwa wakikaa wakaitazama miraba hiyo kama mpira wa miguu. Naamini, kwa sababu yeye bado hukaa.

Sasa niwaingize nyumbani. Tunaishi na mjomba, kaka yake mama. Kazi yake ni kupiga video: arusi, ruracio, mazishi, mahafali ya chekechea, hata harambee. Kompyuta ni nusu yake na nusu yetu. Aliinunua Nairobi, mtumba kutoka Ulaya, akaja nayo Nakuru akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Diski ni ya gigabaiti 500, japo Windows huonyesha 465, kwa kuwa wenye kuitengeneza huhesabu kwa elfu moja na Windows huhesabu kwa 1,024. Mfumo wake ni Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na ndiyo sababu hatuiunganishi na mtandao hata siku moja. Siku niliyopiga hesabu, mlikuwa na gigabaiti 310 za video, gigabaiti 85 za mambo mengine yote, na gigabaiti 70 tupu.

Nyingi ya video hizo ni za wateja. Lakini kuna folda moja iitwayo Nyumbani, na ndani yake mna nyanya yangu. Mjomba alimrekodi mwaka wa 2018, nyuma ya nyumba yake huko Njoro, akichagua maharagwe kwenye uteo. Kwa dakika 47 nyanya anataja majina ya wazazi wake na ya wazazi wao, anaeleza nani alizikwa wapi, anamfukuza jogoo, kisha anarudi kwenye majina alipoachia. Mwaka uliofuata alituacha. Hatuna nyingine. Ile iliyoko kwenye simu ya mama ni ya dakika mbili, na nusu yake ni jogoo.

Mwaka jana muhula wa pili kompyuta ikawa nzito kupindukia. Ukiiwasha unaweza kwenda kununua maziwa dukani, ukarudi, bado inawaza. Programu ya kuhariri video ilifunguka kama mlango wa gereza. Mjomba akaletewa na rafiki yake programu ya kupanga vipande kwenye flashi, akaambiwa aitumie kila Jumamosi usiku. Programu hiyo ilikuwa na bidii ya mchwa. Ilikusanya kila kitu ilichokikuta, video na zisizo video. Ilianza saa mbili usiku, na saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri ilikuwa imefika asilimia 71. Tokeni za stima zinakwenda. Sisi tunaolala sebuleni tunasikiliza diski ikikwaruza usiku kucha kama panya ndani ya gunia. Jumamosi ya tatu stima ikapotea mtaa mzima kabla ya kuche, na mama, ambaye huwa hajali mambo ya kompyuta, akaamka akaja kusimama mbele ya kiwambo cheusi. Aliuliza swali moja tu: "Yuko salama?" Hakuna aliyemwuliza ni nani.

Stima iliporudi video ilifunguka. Lakini mjomba alikuwa ameshaamua. "Hii mashine imeshiba," alisema. "Difragi haimalizi kwa sababu ya hizi video. Tufute. Tuanze na hizo za nyumbani, manake hizo hazilipi mtu."

"Hata ya mama?" mama akauliza.

"Dada, hata ya mama. Kwani nani huitazama?"

Mama alichukua sufuria akaenda jikoni, na yeyote anayemjua mama yangu anajua kuwa hilo ni jibu refu sana. Mjomba naye hakuwa na moyo mgumu, msomaji, usimdhanie vibaya. Tangu mazishi hajawahi kuifungua video ile. Mtu anaweza kutaka kitu kiondoke kwa sababu kinamkera, na anaweza kutaka kiondoke kwa sababu kinamuuma, na kwa nje huwezi kutofautisha.

Nikapiga moyo konde nikamwambia, "Mjomba, naomba Jumamosi moja. Niipange diski bila kugusa video hata moja. Kisha utaamua."

Akacheka. "Mpwa wangu, ukiacha takataka kubwa ukafagia ndogo, hiyo nyumba utasema imefagiwa?"

Swali lilikuwa zuri, na lilistahili jibu la hesabu, si la machozi. Nikalipeleka kwa mwalimu wetu wa tarakilishi, naye badala ya kunijibu akanipa chaki.

Hesabu ya kwanza. Kamera ya mjomba huandika megabiti 24 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hivyo ni megabaiti 3 kwa sekunde. Dakika 47 za nyanya ni sekunde 2,820, nazo ni megabaiti 8,460, tuseme gigabaiti 8 na nusu. Diski yetu huweza kusoma kama megabaiti 100 kwa sekunde. Yaani ikifanya kazi kwa sekunde moja tu, imeshapata video ya kutazama zaidi ya nusu dakika. Wakati uliobaki inapumzika.

Hesabu ya pili. Ile programu ya mjomba ilikuwa na orodha ya faili na idadi ya vipande vyake. Video ya nyanya ilikuwa na vipande 31. Ukisikia 31 unashtuka, mjomba alishtuka pia. Lakini vipande 31 ni miruko 30, na kila mruko milisekunde 15, jumla milisekunde 450. Chini ya nusu sekunde, tena imetawanywa ndani ya dakika 47! Hata jogoo hawezi kuona tofauti.

Hesabu ya tatu, na hapa ndipo mwalimu alipotabasamu. Tarakilishi inapowaka, au programu kubwa inapofunguliwa, husomwa faili ndogo ndogo chungu nzima. Tuseme kichwa kinaruka mara 2,000. Mara 2,000 kwa milisekunde 15 ni sekunde 30 za kuruka tu, kabla hujahesabu kusoma kwenyewe. Kumbe mzigo ulikuwa kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna mtu aliyevitazama, na lawama zikawaangukia wakubwa kwa sababu wanaonekana.

Rudi kwenye matatu. Kwaya ya watu 60 imekodi mabasi mawili. Ni kweli imegawanyika vipande viwili. Lakini makanga hushuka basi la kwanza mara moja tu, akapanda la pili, akaendelea na kazi. Hakuna mwenye akili atakayewashusha wote 60 barabarani usiku ili atafute basi moja la kuwatosha. Isitoshe, basi hilo ni lazima liwe tupu kabisa. Vivyo hivyo video ya arusi ya gigabaiti 20 haiwezi kuunganishwa mpaka kipatikane kiwanja cha gigabaiti 20 kisicho na mtu, na kwenye diski ya kwetu yenye 70 tupu zilizotawanyika, programu ililazimika kwanza kuhamisha wengine ili kumpisha mmoja. Ndiyo maana usiku haukutosha. Gigabaiti 310 zikisomwa mara moja na kuandikwa mara moja ni 620. Kwa mwendo kamili wa megabaiti 100 kwa sekunde hiyo ni karibu saa moja na dakika 43, lakini kichwa kinachosoma hapa na kuandika kule hakiwezi kwenda mwendo kamili. Mpe nusu, ni saa tatu na nusu hivi, na baadhi ya faili huhamishwa mara mbili. Yote hayo ili kuokoa nusu sekunde!

Mwalimu akaniongezea jambo ambalo sikulijua. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote mwaka wa 2007, kipangaji kilichomo ndani ya Windows chenyewe hakivigusi vipande vinavyozidi megabaiti 64. Sababu ni hiyo hiyo ya chaki: kusoma megabaiti 64 huchukua zaidi ya nusu sekunde, na mruko mmoja mwishoni ni kama asilimia 2 ya muda huo. Hawakuona haja ya kuteseka. Kipangaji hicho tulikuwa nacho siku zote. Katika Windows 7 kimepangwa kianze kila Jumatano saa saba usiku, wakati ambapo kompyuta ya kwetu imezimwa na kufunikwa kitambaa cha kufuma.

Na lile swali la mama? Nililipeleka pia. Mwalimu alieleza kwamba programu hizi kwa kawaida huiomba Windows ndiyo ihamishe vyumba. Windows hunakili kwanza mahali papya, halafu ndipo inabadilisha anwani kwenye daftari lake. Stima ikikatika katikati, nakala ya zamani kwa kawaida bado iko. "Kwa kawaida," alirudia, akaigonga meza mara mbili. Diski ni kuukuu, stima ya kwetu hurudi kwa kishindo, na faili isiyohamishwa haina njia ya kupotea safarini. Kisha akaniambia neno ambalo nililiandika nyuma ya daftari: kuizuia faili isiguswe si sawa na kuwa na nakala yake.

Jumamosi ikafika. Katika programu ya mjomba mlikuwa na ukurasa wa mipangilio, na humo orodha ya vitu visivyoguswa. Nikaingiza folda ya Arusi, ya Mazishi na ya Nyumbani. Kwa kuwa mjomba huacha video popote, hata kwenye kiwambo, nikaongeza pia mikia ya majina ya faili: .mts, .mp4, .avi na .mov. Programu nyingi za aina hii zina nafasi hiyo. Defraggler inayo, na UltraDefrag hukuruhusu hata kusema faili inayozidi ukubwa fulani iachwe. Jambo moja la kuangalia: usizitenge faili za mradi wa kuhariri, zile zinazokumbuka umekata wapi na umeunga wapi. Zile ni ndogo na hufunguliwa kila mara, ziache zipangwe pamoja na wenzake.

Kabla ya kuanza niliizima kompyuta nikaiwasha, na saa ya simu ya mama mkononi. Ilichukua dakika 4 na sekunde 50 mpaka ikawa tayari. Nikaanzisha upangaji saa mbili kamili. Mjomba akavuta kiti kutazama miraba. Ile ya video ilikaa kimya bila kusogea, kama wazee kwenye baraza, na midogo ikawa inahama pembeni yake. Saa tatu na dakika kumi kazi ikaisha. Mjomba aliitazama saa ya ukutani, akaitazama yake ya mkononi, kisha akaniuliza kama nimebonyeza kitu.

Tulipoiwasha tena ilichukua dakika 3 na sekunde 5. Wacha niseme ukweli wote, manake jarida hili husomwa na walimu: upangaji haukuwa dawa pekee. Kompyuta yenyewe ina gigabaiti 2 tu za kumbukumbu, na kulikuwa na programu kumi na moja zilizojianzisha zenyewe kila ikiwashwa, nyingine za vifaa ambavyo hatujawahi kuwa navyo. Nilipozizuia tisa, ikashuka chini ya dakika mbili. Lakini hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyohitaji kufuta video, na hilo ndilo lililokuwa mezani. Mteja wa arusi alipata kazi yake kwa wakati. Neno la kufuta halikurudiwa. Halikuondolewa rasmi pia. Mjomba si mtu wa kutoa hotuba.

Kwa wenzangu wenye kompyuta mpya nyumbani, angalieni kwanza ni diski gani. Ikiwa ni ile ya SSD, haina sahani wala mkono, haina cha kuruka. Hiyo msiipange vipande kwa programu za flashi. Kila sehemu yake ina kikomo cha mara inazoweza kuandikwa kabla ya kuchakaa, na kuhamisha video huko ni kuichosha bure. Windows za sasa huitambua zenyewe na kuitunza kwa njia nyingine.

Kwa wenye diski za sahani kama sisi, iko njia bora kuliko orodha ya kuzuia, na niliigundua kwa kutazama miraba ile ile. Video zilizoachwa zilipo zimekaa kama visiwa. Nafasi tupu kati yake inabaki imekatika, na video mpya ikija itakatwa pia. Haina madhara katika kutazama, tumeshahesabu, lakini visiwa vinamzuia kila mtu. Likizo ya Desemba tukaigawa diski sehemu mbili, C na D. Mama alitoa karibu shilingi 6,000 za chama, akanunua diski ya nje ya terabaiti 1, na sharti lake lilikuwa kwamba nyanya aingie wa kwanza. Tukazitoa video zote hadi diski ya nje, tukaipunguza C kwa kifaa kilichomo ndani ya Windows 7 yenyewe, tukaiunda D, kisha tukazirudisha video huko moja moja. Kwa kuwa D ilikuwa tupu, zilijipanga zenyewe kwa mfululizo, bila programu wala usiku wa kukwaruza. Sasa upangaji umeagizwa ushughulike na C peke yake. D haijui hata kuwa kuna kitu kama hicho. Na zile zilizo muhimu zimebaki pia kwenye diski ya nje, ndani ya kabati la mama, zimefungwa kwa leso.

Kabla ya kuhamisha chochote nilitaka kuitazama video ya nyanya kutoka mwanzo hadi mwisho, ikiwa bado na vipande vyake 31, ili nihakikishe kuwa ni nzima. Ilikuwa adhuhuri, mama yuko sokoni. Nikaifungua. Maharagwe yakaanza kulia kwenye uteo, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Nyanya akaanza majina.

Sikumsikia mjomba akiingia. Alisimama nyuma yangu na mfuko wa kamera begani, kama mtu anayepita tu.

"Ndiyo ile yenye vipande?" akauliza.

"Ndiyo, mjomba. Thelathini na kimoja."

Akaitazama kidogo. Nyanya alikuwa amefika kwa babu yake upande wa baba, yule aliyezikwa chini ya mugumo.

"Ikifika mahali ilipokatika, unionyeshe."

"Tumeshapita sita hivi," nikamwambia.

Aliushusha mfuko wa kamera chini, akavuta kigoda, akaketi.